Mwaka Kodi Yangu Ilipopungua

Niliporudi kutoka shuleni nilimkuta ng'ombe amefungwa kwenye nguzo ya dishi, na baba yangu ameketi kando yake juu ya ndoo iliyofudikizwa, amevaa koti alilolivaa siku ya harusi yangu. Ng'ombe alikuwa amekwisha kula nusu ya mchaichai wa mama mwenye nyumba na sasa alikuwa anailamba foronya iliyoanikwa kwenye kamba. Baba hakuuona uharibifu huo. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu tangu mwaka uliotangulia, na la kulia lilikuwa limeshakuwa jeupe.

"Mwadila, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma kabla sijamfikia, akiniita mama kama kawaida yake, maana alinijua kwa nyayo.

"Mwadila, baba. Kuna nini nyumbani? Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Wote wazima."

"Na huyu ng'ombe?"

"Ni wako."

Nilimtazama vizuri yule ng'ombe. Mwekundu, paji jeupe, pembe ya kushoto imejikunja kuelekea jichoni. Niliujua ukoo wake. Bibi yake alikuwa mmoja wa ng'ombe walioswagwa kutoka Sola, upande wa Maswa, mume wangu Novatus alipokuja kunioa, na kwa miaka yote hiyo baba alikuwa ameutunza uzao ule pale Nkololo bila kuuza hata ndama.

Kwetu hata mtoto anayechunga mbuzi anajua maana ya ng'ombe wa mahari kurudi barabarani kuelekea kwa mume. Maana yake ndoa imekwisha. Upande wa mke unarudisha mali ili umchukue mtoto wao. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo, nikiwa binti mdogo, siku mahari ya shangazi yangu iliporudishwa na wazee wakakaa uwanjani mpaka jua likawahama.

"Baba," nilisema polepole, "unajua watu wa hapa watasemaje?"

"Watasema nini? Nimemletea mtoto wangu ng'ombe." Alisema kwa utulivu hata nikaogopa kwamba uzee umemfika kichwani. Kaka yangu Luhende, aliyemwongoza njia nzima tangu alfajiri, alikuwa ameenda sokoni kutafuta chochote cha kutia tumboni. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza zaidi ya baba mwenyewe.

Na Novatus alikuwa hajarudi. Hilo ndilo lililonitia hofu. Wakati ule mimi na mume wangu tulikuwa tunazungumza mambo mawili tu, watoto na mkaa.

Kisa kilianza Mei Mosi. Tuliandamana hapa Bariadi na fulana zetu za chama cha walimu, jua likituchoma visogo, na mchana ikatangazwa kwenye redio kwamba kodi ya mshahara itapunguzwa. Mwalimu Fredrick, anayefundisha hesabu, alirusha kofia juu ikatua kwenye paa la duka la dawa. Tulipiga vigelegele. Ni ajabu, nikifikiria sasa, kwamba katika kundi lile la watu waliosoma hakuna aliyeuliza inapunguzwa kwa kiasi gani, hata yule wa hesabu.

Jioni ile nilimpigia baba simu. "Baba, wafanyakazi tumepunguziwa kodi."

"Na wewe pia?" aliuliza.

"Na mimi pia!"

"Umekosa nini?"

Nilidhani mtandao unasumbua. Nilicheka, nikamsalimia mama, nikakata.

Kuanzia siku ile mpaka mshahara wa Julai, mimi na Novatus tuliitumia nafuu ile mara nyingi bila kuiona. Yeye ni mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Tulikuwa tumepanga, lakini tulikuwa na kiwanja Somanda na nyumba iliyofika kwenye lenta, inangoja paa. Novatus akasema nafuu ya kodi ni mabati. Mimi nikasema ni macho ya baba. Daktari alikuwa amekwisha sema ni mtoto wa jicho, kwamba anahitaji kupelekwa Mwanza kupasuliwa. Bima yangu ya afya ilikuwa imejaa. Nafasi zake walikuwa wamezichukua watoto wetu watatu na mama yake Novatus, ambaye ana presha. Sikumnyima mama yule nafasi wala sikuwahi kumwonea kijicho. Nilitaka tu ikumbukwe kwamba yumo.

Jioni moja ya Juni tulikuwa tunamenya viazi. Nilikuwa nimeyarudia yale ya Mwanza, labda kwa mara nyingi kuliko anavyoweza kuvumilia mtu aliyetoka kupokea marobota ya pamba kutwa nzima. Novatus hakuinua uso. Alisema, "Macho ya mzee yasubiri. Ameshaona vya kutosha."

Huenda alitaka kutania, maana ni mtu wa utani. Mimi niliweka kisu chini nikaingia ndani, na tangu hapo ndipo tukaanza ule mtindo wa watoto na mkaa.

Julai ilipofika nilifungua hati ya mshahara kwenye simu, pale chumba cha walimu. Kodi ilikuwa imepungua kweli. Imepungua kwa bei ya kilo moja ya sukari. Niliangalia tena nikidhani nimesoma mstari usio wangu. Halafu nikacheka mpaka machozi, na Mwalimu Fredrick akaja kuchungulia, akafungua yake, akabaki ameshika kofia yake. Na mwezi uleule ikaanza tozo kwenye miamala ya simu, kwa hiyo hata sukari yenyewe haikufika kwenye sufuria. Nilikuwa na kawaida ya kumtumia baba kitu kidogo kwa simu kila mwisho wa mwezi. Wenzangu wakanishauri niache kulisha mitambo, nimpe mtu anayekwenda Nkololo amfikishie mkononi. Mtu wa kwenda Nkololo alichelewa kupatikana, na alipopatikana alipitia mnadani kwanza.

Ungedhani tulipojua kwamba tumegombana miezi miwili kwa ajili ya sukari tungecheka yakaisha. Lakini lile neno la macho halikuwa la pesa, na halikupungua.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku niliyomkuta ng'ombe.

"Baba," nilimwambia, nikamvutia kigoda nikakaa karibu naye, "nieleze. Kwa nini umemleta?"

"Si umepunguzwa?"

"Nimepunguzwa nini?"

"Kodi." Alisema kama anayetaja ugonjwa mbele ya mgonjwa. "Nilisikia kwenye redio, nawe ukanithibitishia. Nikasema labda watamwonea huruma, watamrudisha alipokuwa. Mwezi wa saba ile hela ya simu haikuja. Nikajua ndiyo imefika."

Mimi ni mwalimu wa historia. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa nafundisha kodi ya kichwa na kodi ya nyumba, nachora mishale ubaoni, na wanafunzi wangu wanaandika kwamba watu waliichukia kodi, nami nawapa alama zao. Nimesahihisha sentensi hiyo mpaka naweza kuiandika nikiwa nimesinzia. Na miaka yote hiyo mtu aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake alikuwa Nkololo anakula michembe yake ya viazi vikavu, na sikuwahi kumuuliza hata swali moja. Nakiri kwamba kwa muda mfupi hofu yangu yote ilikaa pembeni. Nilitaka kujua.

"Zamani ilikuwaje, baba? Wakati wa ujana wako?"

Alinieleza, huku mkono wake ukitafuta shingo ya ng'ombe na kuikuna. Alipokuwa kijana, alisema, kodi ilifuata mali. Karani alikuja na mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji wa enzi zile. Waliangalia zizi, wakaangalia shamba la pamba, wakauliza kama una baiskeli, ndipo wakakuandika. Mwenye mali aliandikwa juu, asiye na kitu akaandikwa chini. Wa juu walilalamika sana, na walilalamika kwa sauti.

"Kwa nini kwa sauti?"

"Ili watu wasikie ni kiasi gani!" Baba alicheka. "Unalalamika, lakini kifua kiko mbele."

Kisha akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia, ya babu yangu, guku Mwandu, baba yake. Mwaka mmoja ng'ombe walikufa kwa ugonjwa, zizi likabaki na maksai wawili. Karani alipokuja akamwandika chini. Guku Mwandu alirudi nyumbani na ile risiti ndogo, hakumwambia hata mkewe. Lakini watu walijua. Pale alipozoea kukaa na wanaume wenzake, hawakumngoja tena aanze yeye kuzungumza. Watu waliokuwa wameposa kwake wakaanza kusitasita. Mwisho akauza maksai mmoja, akaenda kwa karani, akaomba aandikwe pale alipokuwa mwanzo.

"Alikwenda kuomba kodi iongezwe?"

"Alikwenda kuomba heshima yake."

"Na karani akakubali?"

"Karani alicheka. Lakini pesa aliipokea."

Nilimwangalia ng'ombe. Ng'ombe aliniangalia, uzi wa foronya ukining'inia mdomoni.

"Kwa hiyo huyu..."

"Umuuze," baba alisema. "Uende kwa hao watu wa mapato, uwaambie wakurudishe pale ulipokuwa. Waambie baba yako hajafa."

Nilicheka kwanza, halafu kicheko kikageuka nikajikuta nalia. Nilimpenda baba yangu wakati ule mpaka kifua kikaniuma, sijui namna nyingine ya kulisema. Alidhani nalia kwa aibu ya kupunguzwa, akanipapasa bega. Akasema wanawake wa kwao hawakuandikwa kodi, kwamba mimi ndiye wa kwanza, na kwamba akiwa mnadani akitaja kuwa ana binti anayelipa kodi ya serikali kila mwezi, watu humsogelezea mahali pa kukaa.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia siku hizi kupunguziwa kodi ni jambo jema, nikamweleza habari za asilimia, nikamweleza na za sukari. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande, kwa adabu, kama tunavyowasikiliza wageni wa mradi.

"Hesabu zenu mnazijua ninyi," alisema nilipomaliza. "Mimi najua mtu anayepanda haambiwi alipe kidogo."

"Sawa, baba. Lakini kwa nini huyu? Wangapi wapo zizini?"

"Wale ni wa Luhende na watoto wake. Nimnyang'anye Luhende? Huyu ametokana na wewe."

"Ametokana na mahari yangu, baba. Watu watasema unairudisha."

Hilo lilimsimamisha mkono shingoni mwa ng'ombe. Halikuwa limempitia akilini. Njia nzima kutoka Nkololo alikuwa anafikiria karani na risiti. "Mahari hairudishwi hivi," alisema, lakini sauti ilikuwa imelegea. "Mahari inarudishwa na wazee, na maneno. Mimi nimekuja na Luhende tu."

Ndipo nikasikia pikipiki ya Novatus.

Alifika getini akasimama, mguu mmoja chini. Nilimwona akisoma yote kwa zamu: paji jeupe, pembe iliyojikunja, baba yangu na koti la harusi, mimi na macho mekundu. Hakusalimia. Aligeuza pikipiki akaondoka.

"Nani huyo?" baba aliuliza.

"Novatus."

"Mbona hajanisalimia?"

"Amesahau kitu, baba."

Sikumwambia kwamba tumenuniana. Hakuna mtu niliyemwambia, hata mama. Nilikaa pale natafuna kucha, nikijiambia kwamba miaka yangu ya ndoa inaweza kuondoka leo kwa sababu ya tangazo la redio, na nikajiuliza, kwa ule udadisi wangu usiojua wakati, kama mwanamke mwingine yeyote katika mkoa huu amewahi kuachika kwa njia hiyo.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa Novatus aliporudi, na hakuwa peke yake. Alikuwa amemleta Marcelo, baba yake mdogo, fundi seremala anayekaa mtaa wa pili, amevaa koti jeusi lililonuka dawa ya nondo. Novatus alikuwa ameenda kuleta mzee wa upande wake, maana ndivyo inavyofanywa mahari inaporudi. Luhende naye alikuwa amesharudi kutoka sokoni na sambusa mkononi. Alipomwona Marcelo na koti lake, alizificha sambusa nyuma ya mgongo.

Marcelo aliketi. Novatus alibaki amesimama. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana mvua, wakaulizana ng'ombe, wakailaumu bei ya pamba. Kisha Marcelo akakohoa.

"Mkwe," alisema, "mzigo tumeuona. Tunaomba kujua tumekosa nini."

"Ninyi?" Baba alishangaa. "Ninyi hamna kosa. Kosa ni la serikali."

Marcelo alitafakari. "Serikali imeingiaje kwenye ndoa ya hawa watoto?"

"Ndiyo iliyomwondoa huyu mahali pake."

"Imemwondoa kwa mume wake?"

"Mume anaingiaje hapa?" baba aliuliza, na mimi nikafungua mdomo nieleze, lakini Novatus alinitangulia.

"Baba," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi sitaki kuachana na Eliza. Najua kilichokuleta. Nilisema neno baya juu ya macho yako. Mwenzangu alitaka upelekwe Mwanza, mimi nilitaka mabati, nikasema macho yako yasubiri, kwamba umeshaona vya kutosha. Kama Eliza amekueleza, hajakosea. Lakini naomba ng'ombe arudi."

Ng'ombe akachagua wakati huohuo kukojoa, kwa muda mrefu sana, na sote tukangoja amalize kama watu wanaongoja kengele ya kanisa. Nilitamani ardhi inimeze. Baba alikuwa hajui lolote, na sasa amelisikia neno lile kutoka kwenye kinywa kilicholitoa. Wakati huohuo nilimwangalia mume wangu, amesimama pale na vumbi la pamba kwenye nyusi, amelikiri mbele ya wazee jambo ambalo angeweza kulificha, na baridi yote ya wiki zile ikanitoka.

Baba alilielekeza jicho lake jeupe kwenye sauti ya Novatus.

"Ulisema nimeona vya kutosha?"

"Ndiyo, baba."

"Ni kweli, nimeona mengi." Akafikiri kidogo. "Lakini mabati yenu sijayaona."

Marcelo ndiye aliyeanza kucheka. Luhende akafuata, sambusa zikamponyoka. Novatus alichuchumaa palepale akajifunika uso kwa kofia, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, sikuweza kujua ni kwa kicheko au kwa kitu kingine. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye. Kisha nikawaeleza wote habari nzima, redio, sukari, guku Mwandu na maksai wake. Marcelo aliniomba nirudie mahali karani alipopokea pesa.

"Basi imekwisha," Novatus alisema akifuta uso. "Macho kwanza. Mabati yatangoja mvua nyingine ipite."

Nilidhani tumefika mwisho. Sikumjua baba yangu.

"Hapana," alisema.

"Baba, tumekubaliana wenyewe."

"Mmekubaliana ninyi. Mimi nimekuja kumnyanyua mtu aliyepunguzwa, halafu nimwongezee mzigo? Mwandu hakufanya hivyo, na mimi sifanyi. Siku wakikurudisha ulipokuwa, mayu, nitakuomba mwenyewe. Kabla ya hapo, msinitajie Mwanza."

Tulimbembeleza mpaka chai ikapoa. Nilimwambia basi auze huyu ng'ombe ajitibu, akaniuliza kama nimewahi kusikia mzazi anayemla mtoto aliyeanguka. Marcelo, ambaye saa moja kabla alikuja tayari kwa kesi, sasa alikuwa anamsihi kuliko sisi sote. Haikusaidia kitu.

Kesho yake ng'ombe alirudi Nkololo. Marcelo alisisitiza apitishwe barabara ya sokoni mchana kweupe, ili waliomwona akija wamwone akiondoka, na yeye mwenyewe alitangulia mbele na koti lake, akimsalimia kila mtu na kumweleza kwamba mkwe wao alikuwa amekuja kutembea tu. Mama mwenye nyumba alidai mchaichai wake mpaka kona ya mtaa. Baba alikuwa ameshika kamba, akimfuata ng'ombe, maana ng'ombe ndiye aliyekuwa anaona njia.

Miaka ikapita, na jicho la pili likaanza kulifuata la kwanza. Kila Juni bajeti ilipokuwa inasomwa, baba alimwambia Luhende asogeze redio, na jioni simu yangu ililia. "Wamekurudisha?" Hapana, baba, bado. "Pole, mayu." Nikituma pesa kwa mkono kwa ajili ya macho, alimnunulia ng'ombe dawa ya kupe, kisha akanipa taarifa ya afya yake. Novatus alinishauri nidanganye, niseme tu kwamba imepanda. Nilijaribu kulipanga neno lile kichwani nikashindwa. Baba angeuliza imepanda kwa nini, na lini, na nani amesema, na kwa maswali simwezi, kwa sababu maswali yangu yote nimeyarithi kwake.

Mabati tuliyapandisha mwaka wa pili, ya kijani. Baba alikuja kuiona nyumba kwa mikono. Alipapasa kuta, akapima upana wa mlango kwa mabega, kisha mvua ikanyesha akakaa sebuleni kuisikiliza. "Yanalia vizuri," alisema, na Novatus akatoka nje, ingawa kulikuwa na mvua.

Mwaka jana, baada ya kusubiri kuliko ninavyopenda kukumbuka, nilipandishwa daraja. Nilifungua hati ya mshahara mezani, Novatus amesimama nyuma yangu. Mshahara ulikuwa umepanda. Na kodi ilikuwa imepanda nao, imeingia kwenye kile kiwango cha juu kinachouma. Novatus aliguna.

"Hii yote wamekata?"

Na mimi niliuma meno. Tulikuwa tumeshaipangia ile nyongeza, ada ya mtoto wa kwanza, mafuta, uzio wa kiwanja, na sasa nilikuwa navifuta kimoja kimoja kichwani kama ninavyofuta ubao. Watu wa mshahara tuko hivyo, tunakula kabla hakijaiva. Ndipo nikakumbuka. Nilichukua simu nikatoka uwanjani.

"Luhende, mpe baba simu."

Nilisikia vikohozi, kuku, mtoto akiambiwa anyamaze.

"Baba, kodi yangu imepanda."

"Imepanda kiasi gani?"

"Kikubwa, baba. Wamenikata mpaka Novatus ameguna."

"Ameguna?"

"Ameguna, baba."

"Aligunaje?"

Nilimwita Novatus. Alikuja na kijiko cha uji mkononi, nikamwekea simu mdomoni, na mume wangu, mtunza stoo, mtu mzima mwenye mvi, akaguna kwa nguvu zake zote. Upande wa pili nilimsikia baba akiwatangazia watu wa uwanjani kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo lazima ilivuka mpaka kwa majirani. Mama alipiga vigelegele. Baba aliporudi kwenye simu alikuwa anahema.

"Wabeja, mayu. Asante sana. Sasa njoo unichukue twende Mwanza. Ulipe wewe."

Walimfanyia jicho la kulia kwanza, na la pili baadaye. Siku ya kumrudisha nyumbani tulimpitisha kwetu Somanda apumzike. Alivua miwani nyeusi uwanjani, akaniangalia kwa muda. "Umezeeka," aliniambia, akionekana kufurahishwa nalo. Akawaita watoto mmojammoja akawashika nyuso, akamwambia wa mwisho kwamba pua hiyo ni ya Mwandu. Halafu akarudi nyuma hatua chache, akaweka kiganja juu ya nyusi, akainua uso kwenye paa.

Tulingoja. Novatus alikuwa amesimama wima kando yangu kama mwanafunzi anayesubiri majibu.

"Novatus."

"Naam, baba."

"Bati la pili kutoka mwisho limekaa upande."

Novatus alitazama juu, akalitafuta, akaliona. Kisha akaenda kwa jirani kuazima ngazi.